Herufi Nane Hewani

Redio iliwaka wakati Inspekta akichunguza komeo la dirisha. Kwanza iliwaka taa ndogo ya kijani, kisha kioo chote cha mbele kikang'aa, na juu ya paa kitu kizito kikaanza kusaga.

Koplo alijibanza ukutani, mkono kiunoni. "Nani yuko juu?"

Alitoka uani kuangalia, akarudi ametoa macho. Juu hakukuwa na mtu. Antena ile kubwa, iliyokaa kama mifupa ya samaki, ilikuwa inageuka yenyewe polepole kuelekea mjini, mota yake ikilalamika kwa kukosa grisi.

Ndani ya nyumba walikuwa watu wanne. Inspekta alikuwa dirishani. Koplo alikuwa mlangoni. Mfamasia, mama wa makamo aliyeleta malalamiko kituoni, alikuwa katikati ya sebule. Na Fundi wa Kompyuta, ambaye Inspekta alikuja pale akiwa na nia ya kuondoka naye, alikuwa ameketi kwenye kochi lililofunikwa shuka, viganja vyote viwili juu ya magoti. Hakuna aliyekuwa hata karibu na ile redio.

"Mimi sijagusa kitu," Fundi alisema. "Mmeona wenyewe."

Nyumba ile ilikuwa ya Mzee Masafa. Majirani ndio waliompa jina hilo, kwa sababu tangu astaafu kazi ya mitambo ya simu hakuwa na starehe nyingine ila kukaa mbele ya redio yake na kuongea na watu wa mbali asiowajua sura. Hakuongea kwa mdomo. Alitumia msimbo wa Morse, nukta na vistari, mlio mfupi na mlio mrefu. Mzee alikuwa amefariki, kwa moyo kama alivyoeleza mwanawe, na Mfamasia, mwenyekiti wa chama kidogo cha wanaredio wa mji ule, alikuwa mmoja wa waliomzika. Tangu hapo nyumba ilifungwa. Lakini siku chache baada ya maziko, redio ya marehemu ilisikika tena hewani. Wanachama watatu, kila mmoja kwake, walizungusha antena zao kutafuta sauti inatoka wapi, wakachora mistari kwenye ramani ya mji, na mistari yote mitatu ikakutana juu ya paa hili.

Waliokuwa wakisema ni mzimu walisema. Mfamasia alikwenda polisi.

Inspekta alianza na swali la kawaida, la nani mwenye ufunguo. Jibu lilikuwa Fundi. Alipewa na Mzee mwenyewe ili aje kusafisha mitambo. Isitoshe, yeye na Mzee waliwahi kutupiana maneno makali mbele ya chama kizima kuhusu redio hiyo hiyo, nani ataachiwa. Mtu mwenye ufunguo, sababu na ujuzi hahitaji kutafutiwa mwenzake. Inspekta aliona kesi imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Sasa mtu wake alikuwa ameketi mbele yake, mikono magotini, na redio inafanya kazi bila yeye.

Mlio wa kwanza ulitoka. Mrefu, mfupi.

"Nyamazeni," Mfamasia alisema, akasogea.

Alikuwa hajawahi kuusikia vizuri namna ile. Nyumbani kwake ulifika umechanika, umechanganyika na mikwaruzo ya hewani, na kila alipodhani amepata neno lilikatika. Hapa walikuwa wamesimama kando ya mtambo wenyewe. Alianza kutaja herufi moja moja kadiri zilivyokuja, na Inspekta, asiye na karatasi mkononi, akaziandika kwa kidole kwenye vumbi la meza.

N. I. T. O. E. N. I. Kimya kifupi. N tena. Kisha herufi zikaja bila mapumziko, moja nyuma ya nyingine, kwa kujikongoja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mwishoni redio ilizima ghafla. Si kwamba aliyetuma alimaliza. Alikatishwa.

"Huyu si Mzee," Mfamasia alisema.

Koplo alimwambia hilo walilijua, Mzee yuko kaburini.

"Nina maana si mkono wa Mzee. Kila mtu ana mkono wake kwenye Morse, kama mwandiko. Mzee alikuwa na kasi. Lakini alikuwa na tabia ya kuburuta kistari cha mwisho, na huyu anaburuta vilevile. Huyu amefundishwa na Mzee. Na hajamaliza masomo."

Inspekta alimgeukia Fundi, akamtaka aeleze kwa lugha ya watu inakuwaje redio inaendeshwa na asiyekuwepo. Fundi alieleza. Mzee alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga, mwanawe alimchukua kwenda kuishi naye mjini kati. Kule kulikuwa na ghorofa na nyaya za umeme kila upande, antena haiwezekani. Mzee bila redio alianza kunyong'onyea. Basi Fundi akaunganisha redio ya hapa na kompyuta ndogo, hiyo iliyo chini ya meza, na kompyuta na intaneti. Mzee akapewa tableti. Akiwa kitandani kule mjini aliweza kuwasha redio hapa, kugeuza antena, kusikiliza, na kugusa kioo kwa kidole kutuma nukta na vistari vyake. Alichogusa kule kililia hapa baada ya pumzi moja.

"Nani mwingine ana neno la siri?"

"Mimi. Lakini aliyeingia sasa hivi ni ile tableti. Kompyuta inaitambua." Aliinama akaonyesha mstari kwenye kioo kidogo. Tableti ilikuwa wapi, haikuonyesha. Hilo kampuni ya intaneti tu ingeweza kusema, na kampuni ingetaka barua ya mahakama.

"Na mtu mwenye tableti na intaneti," Inspekta aliuliza, "kwa nini asitume ujumbe kama binadamu wengine?"

Kwa sababu tableti ile haikuweza. Vidole vya Mzee vilikuwa vinatetemeka, kila mara anafungua asichokitaka, mpaka Fundi akaifunga yote ibaki na programu ya redio peke yake. Haikuwa na laini ya simu. Maikrofoni aliizima pia, maana Mzee hakuwa mtu wa kuongea hewani. Mtu asiyejua angeiona ni kiredio cha kusikilizia tu.

Inspekta alirudi kwenye vumbi lake. NITOENINIMOMENOANATESA. Koplo aliisoma kwa sauti akasema inafanana na jina la dawa ya minyoo. Inspekta hakucheka. Alichukua muda kuiangalia, kisha akaanza kutenganisha kwa ukucha.

Nitoeni. Nimo meno. Anatesa.

Koplo aliinamia meza asome mwenyewe.

"Nimo meno," alisema. "Mtu anaingiaje kwenye meno?"

Inspekta alimuuliza Mfamasia Mzee alikuwa anaanza na herufi zipi anapofundisha. Mfamasia alizihesabu kwa vidole: E na T, kwa sababu ni mlio mmoja mmoja, halafu A, N, I, M, kisha S na O. Baada ya hizo ndipo huendelea na nyingine.

"Angalia hapa mezani. Hamna K. Hamna L wala D wala U. Hamna herufi nje ya hizo nane. Huyu akitaka kusema kliniki, hana K. Akitaka kusema daktari, hana D. Amechukua neno lililo karibu ambalo anaweza kuliandika." Inspekta alipangusa kidole chake kwenye suruali. "Mtoto wa Mzee anafanya kazi gani?"

Walijua wote. Alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake ilikuwa chini, na yeye anaishi juu yake.

Fundi ndiye aliyekumbuka lingine, akalisema kwa sauti ya chini. Mara ya mwisho alipokwenda kumtengenezea Mzee tableti, Mzee alimtania kwamba amepata mwanafunzi hodari kuliko chama kizima. Mkwewe. Mke wa Daktari ndiye aliyekuwa anamuuguza, anakaa naye mchana kutwa, na Mzee akaanza kumfundisha ili wapitishe muda.

Koplo alikuwa na sauti ya upole kwenye simu ambayo ilimfaa kuliko bunduki. Alimpigia Daktari, akajitambulisha, akasema kuna taarifa za mtu kuingia nyumba ya marehemu. Daktari alishukuru sana. Alisema wasijisumbue, jioni ile ile atakwenda mwenyewe kukata umeme na kuikabidhi nyumba kwa mnunuzi. Koplo akampa pole ya msiba na kumuulizia shemeji. Shemeji, alisema Daktari, amekwenda kwao kumuuguza mama yake.

Mama huyo wa mke wa Daktari alikuwa mteja wa Mfamasia, dawa za shinikizo. Namba yake ilikuwepo. Alipokea kwa sauti ya mtu mwenye afya kabisa, akasema yeye haumwi, ila amemkumbuka mwanawe aliye masomoni ng'ambo, ambako ameambiwa simu zinasumbua. Alimsifu mkwe wake, anayepita kila wiki kumletea salamu za mwanawe.

Koplo alikata simu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Amewaambia watu wawili mambo mawili," alisema. "Na mimi nimekwenda kumgutusha."

Hilo ndilo lililomkaa Inspekta shingoni. Jioni umeme wa nyumba hii ukikatwa, redio inakufa, na mwanamke yule, popote alipo, anabaki anagusa kioo kisichokwenda kokote. Na mtu aliyeulizwa na polisi asubuhi huenda akaamua kumaliza mambo yake kabla ya kulala. Alimpigia mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anategemea yeye asimame mbele ya hakimu aseme anataka kuvunja nyumba ya daktari kwa sababu redio imesema nimo meno. Sheria ilikuwa wazi, na Inspekta aliijua kuliko yeye. Bila hati, polisi huingia pale tu anapokuwa na sababu yake mwenyewe ya kuamini kuna mtu hatarini ndani. "Niletee kitu ulichokisikia kwa masikio yako," Mkuu alisema. "Siyo cha vumbini."

Inspekta alikuwa na jino la nyuma lililomsumbua tangu mwezi uliopita. Alikuwa analituliza kwa karafuu, akiahirisha kila siku, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyeogopa panga lakini anayeogopa sindano.

Wakapanga hivi. Inspekta na Koplo waende kliniki kama wagonjwa, wamevaa kiraia, wasikilize. Fundi abaki pale kulinda swichi, yeyote asiiguse. Mfamasia arudi dukani kwake, ambako redio yake ilikuwa chumba cha nyuma, awe tayari kutuma. Redio ya Mzee ingeipokea sauti yake na kuipeleka mpaka kwenye tableti, kama mkwewe atakuwa anasikiliza. Shida ilikuwa maneno. Mwalimu akiandika kwa herufi asizozijua mwanafunzi amepiga kelele bure. Walikaa wakitafuta neno la kumwambia agonge, au apige kelele, na kila neno lilikuwa na herufi moja iliyozidi. Mwisho ni Mfamasia aliyelipata.

"Ita sasa," alisema. "I, T, A. S, A, S, A. Zote anazo."

Chumba cha kusubiria cha Daktari kilikuwa safi, chenye viti vya plastiki na picha kubwa ya jino lililokatwa katikati. Spika ukutani iliimba nyimbo za mapenzi kwa sauti iliyozidi kidogo. Msichana wa mapokezi alikuwa anaufunga mkoba wake kwenda kula. Nyuma ya meza yake kulikuwa na mlango uliopakwa rangi ileile ya ukuta, na ngazi lazima zilianzia hapo. Koplo alikaa, akashika shavu, akaanza kugugumia kwa maumivu yasiyokuwepo. Alicheza vizuri mno, mpaka msichana akamgeuzia feni.

Daktari alimpokea Inspekta mwenyewe. Alikuwa mtu mtanashati, mwenye mikono laini na sauti ya kubembeleza, na alimwita dada. Inspekta alilala kwenye kiti. Alisema amependa jengo, akauliza kama yeye na familia wanakaa hapo hapo juu.

"Ninakaa peke yangu kwa sasa," Daktari alisema, akivaa glavu. "Mke amesafiri. Juu kumekuwa kimya kama msikitini. Fungua mdomo, dada."

Aliligonga jino kwa chuma, na Inspekta akaruka. Daktari alicheka kwa huruma, akageuka nyuma kidogo. Inspekta alikuwa anajiandaa kusema kwamba leo ataangaliwa tu, hataki kuguswa, lakini kabla hajafunga mdomo sindano ilishaingia kwenye ufizi. Alimwangalia Daktari machoni wakati dawa inasukumwa. Alijiuliza ni ganzi au ni kitu kingine, na hapakuwa na njia ya kujua zaidi ya kungoja.

Mdomo ulianza kuvimba, au aliuhisi umevimba. Shavu likafa. Daktari alimjaza pamba pande zote mbili, akamtia kibanio cha kuzuia taya lisifunge, akavuta taa kubwa mpaka ikawa dunia nzima nyeupe. Meza ya vyuma aliisogeza juu ya kifua chake. Kisha akakanyaga kitu, na kiti kikalala nyuma, kichwa kikawa chini kuliko miguu. Inspekta aligundua kwamba hangeweza kuinuka bila kuruhusiwa.

Kule nje Koplo alikohoa mara mbili. Maana yake Mfamasia alikuwa amemwarifu kwa simu kwamba ujumbe umekwenda hewani.

Hakukutokea kitu.

Daktari alichagua msumari wa mashine ya kutoboa meno, akaujaribu, akauweka, akachukua mwingine. Alikuwa anazungumza mambo ya sukari na watu wasiopiga mswaki usiku. Mashine ya upepo ilinguruma pembeni, wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Inspekta alifikiria kwamba huenda tableti imenyang'anywa tangu ile simu ya asubuhi. Huenda mwanamke amelala. Huenda hayuko tena wa kuitwa. Kwa masikio yake alikuwa hajasikia lolote, na mashine ilikuwa imeshafika mdomoni.

Ndipo dari ikagongwa.

Lilikuwa pigo hafifu, kama kisigino kwenye ubao. Daktari alikanyaga pedali, mashine ikalia kwa nguvu. Inspekta alisubiri maumivu, lakini hayakuja. Msumari ulikuwa unazunguka hewani, haujagusa jino lolote. Daktari aliachia pedali, akainamisha kichwa, akasikiliza. Pigo la pili likaja, na la tatu. Akakanyaga tena, na mashine ikapiga kelele juu ya ulimi wa Inspekta bila kufanya kazi yoyote.

Hakuwa anatibu. Alikuwa anafunika sauti, kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Akaachia. Na katika kile kimya kidogo, kutoka juu, mwanamke aliita. Hakuita jina. Aliita mama, kwa kuvuta, kisha akaita tena.

"Wapangaji," Daktari alisema haraka. "Wana mtoto mtundu."

Inspekta alimshika kifundo cha mkono. Alitaka kusema zima mashine, yeye ni polisi. Ulimi ulikuwa mzito kama donge la unga na kibanio kilikuwa bado kimemtanua taya, na kilichotoka kilikuwa mlio wa bubu. Daktari alimtazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Akaiangalia ile mikono iliyomshika, jinsi ilivyoshika, na akaelewa. Alikandamiza meza ya vyuma kwa uzito wake wote juu ya kifua cha Inspekta. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa trei kutafuta bomba la sindano.

Inspekta hakuwa na pumzi wala mdomo. Alikuwa na miguu, na miguu ilikuwa juu. Alipiga teke taa, ikayumba na kumpiga Daktari sikioni, trei ikaanguka na vyuma vyote vikasambaa sakafuni kwa kishindo ambacho hakuna wimbo ungeweza kukifunika.

Koplo aliingia na mlango.

"Mgonjwa ana woga," Daktari alisema, akihema. "Nisaidie kumshika."

"Huyo si mgonjwa wangu," Koplo alisema, akitoa pingu. "Huyo ni mkubwa wangu."

Funguo zilikuwa kwenye koti jeupe. Inspekta alipanda ngazi huku akitema pamba na damu, mkono mmoja ukutani maana kichwa kilikuwa kinazunguka. Juu kulikuwa na sebule nzuri yenye makochi ya ngozi, chumba cha kulala kilichotandikwa, jiko safi. Mwisho wa ukumbi ulikuwepo mlango wenye makomeo mawili mapya, yote upande wa nje.

Kilikuwa chumba cha stoo. Palikuwa na makasha ya glavu na pamba mpaka kwenye dari, godoro, ndoo, na dirisha lililopigwa ubao. Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye makasha, nywele zimesongamana. Tableti ilikuwa mapajani. Kidole chake kilikuwa bado kinagusa kioo, kinagusa na kugusa, na hakikuacha hata mlango ulipofunguka. Inspekta alijitahidi kumwambia yeye ni polisi, maneno yakamtoka yameteguka. Mwanamke alimwangalia mdomo uliojaa damu, na Inspekta akajua anafikiria nini: kwamba ameletewa mwenzake wa kufungiwa.

Basi hakusema tena. Alichuchumaa, akatoa kitambulisho, akakiweka sakafuni katikati yao, akarudi nyuma mpaka nje ya mlango. Akakaa chini huko, akangoja.

Ilichukua muda. Mwanamke alikivuta kile kitambulisho kwa kidole gumba cha mguu. Alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Kisha akauliza nani aliyemjibu. Sauti yake ilikuwa imekauka, na alieleza kwamba herufi zilipoanza kumjia alidhani ni mtambo unamrudishia kelele zake mwenyewe, hadi aliposikia neno ambalo yeye hajawahi kulituma.

"Mama wa duka la dawa," Inspekta alisema, kwa shida.

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea salamu ya kawaida. Halafu akaanza kulia.

Kituoni walimpa chumba cha Inspekta, chenye feni na kiti kizuri. Mfamasia alikuja na maji ya glukosi na kanga, akamfunika. Mama yake alikuwa njiani. Daktari alikuwa mahabusu, ameshaomba wakili, na kila aliyempitia alimwambia kwamba mkewe ana matatizo ya akili, alikuwa anamtunza kwa siri kuepuka aibu. Alisema kwa utulivu, na kuna askari wawili walioanza kumwamini.

Kwa hiyo maelezo ya mwanamke yalihitajika mapema, yakiwa mabichi. Inspekta, shavu bado limelala, alichukua kalamu. Koplo alifunga mlango ili wapate faragha.

Mwanamke alisimama. Hakupiga kelele. Alisimama tu, akaenda kwenye ule mlango, akaweka kiganja juu ya mbao, akabaki hapo, na hakuna swali lililomfikia. Koplo alifungua, na yeye akarudi kukaa. Ikatokea mara ya pili, pale karani wa zamu alipopita ukumbini na kuuvuta mlango ufunge kwa mazoea. Mwanamke alisimama tena.

Koplo alitoka bila neno. Alirudi na bisibisi kubwa kutoka karakana ya magari, akapiga magoti, akaanza kufungua bawaba. Skrubu zilikuwa za zamani, zimeshika kutu, na jasho lilimtoka. Inspekta alimwacha. Mkuu wa kituo alitokea, akaangalia, akafungua mdomo, akamwona mwanamke, akaufunga. Mlango uliponyanyuka, Koplo aliubeba begani mpaka uani, akauegemeza ukutani juani.

Sasa kutoka kwenye kile kiti ulionekana ukumbi wote, kaunta, watu waliokuja kushtaki kuku walioibwa, na zaidi ya kaunta barabara yenyewe, na magari yakipita. Upepo uliingia ukapeperusha karatasi mezani. Mwanamke aliangalia nje kwa muda mrefu. Aliifunua kanga mabegani, kwa kuwa kulikuwa na joto, na akajisogeza karibu na meza.

"Andika," alimwambia Inspekta. "Baba mkwe hakufa kwa moyo. Chupa aliyopewa na mume wangu ninajua ilipo."

Inspekta akaandika.